TARIKHI NA UTENZI: NAMNA KHABARI YA KWELI INAVYOGEUKA KISA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Amma baadu: Hii ni risala ndogo katika jambo ambalo watu wengi wa pwani hulipita bila ya kulitazama. Mara nyingi baada ya Magharibi, katika baraza za Jangwani na Kariakoo, husomwa tenzi za zamani kwa sauti nzuri, na wazee kwa vijana husikiliza. Mmoja husema: "Hivi ndivyo ilivyokuwa." Mwingine husema: "Haya ni maneno ya washairi tu, hayana asili." Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amemkubalia mshairi kila neno, na wa pili amemkanusha kwa kila neno. Makusudio ya risala hii ni kuonyesha njia iliyo baina yao, kwa mifano miwili: mmoja wa zamani za Mtume (s.a.w.), na mmoja wa Mrima huu huu.

FASLI YA KWANZA: Utenzi ni kitu gani

Utenzi ni ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani minane kwa kawaida. Vipande vitatu vya mwanzo hupatana kwa kina kimoja, na cha nne huchukua kina kinachokwenda tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtungaji huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kisha huingia katika khabari yake, na mwisho aghalabu hujitaja jina na kuomba dua.

Faida ya mpango huu ni kuhifadhika. Maneno ya kawaida husahauliwa, lakini kina hukumbushana na kina. Mtu asiyejua kusoma aweza kuchukua beti mia kichwani na kumpa mwanawe. Kwa hiyo khabari iliyopata mtungaji huishi, na isiyompata hupungua.

Mfano wake uko karibu sana na mlango. Katika vita vikuu vya 1914 hata 1918 Waingereza na Wadachi walichukua watu wa nchi hii na nchi jirani kuwa wapagazi wa majeshi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Wapagazi wa Waingereza jina la kikosi chao kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps, na baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, kambi yao ikawa mahali hapa. Watu wakalitamka jina lile kwa ulimi wao: Kariakoo. Leo kila mtu anayenunua mchele sokoni hulitaja jina hilo, na wangapi katika hao hukumbuka kuwa anataja watu waliokufa chini ya mizigo? Jambo kubwa limebaki neno moja. Hivi ndivyo tarikhi inavyokuwa ikikosa msimulizi.

Ama ikipata mshairi, hupatwa na jambo jingine: hukua.

FASLI YA PILI: Tabuki na Tambuka

Katika mwezi wa Rajabu, mwaka wa 9 wa Hijra, sawa na mwaka 630 wa Kizungu, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina kuelekea Tabuki, kaskazini, kwa khabari zilizofika kuwa Warumi wanajikusanya. Jua lilikuwa kali, safari ndefu, na matunda ya mitende yameiva, nafsi zikitaka vivuli. Kwa hiyo jeshi lile liliitwa Jeshi la Dhiki, na Qurani imeitaja saa hiyo ya dhiki katika Sura ya Tawba, aya ya 117. Wanavyuoni wa sira wamepokea kuwa watu walikuwa wapatao 30,000. Seyyidna Uthman (r.a.) alitoa mali nyingi kulitayarisha jeshi. Wengine walikuja kutaka wanyama wa kupanda, wakakosa, wakarudi macho yao yakitiririka machozi. Nao wametajwa katika aya ya 92 ya Sura hiyo hiyo.

Walipofika Tabuki hawakukuta jeshi la Warumi. Mtume (s.a.w.) alikaa huko siku zipatazo ishirini. Yuhanna bin Ruba, mtawala wa Aila, alikuja akafanya sulhu na kukubali jizya, na kadhalika watu wa Jarba na Adhruh. Khalid bin Walid alipelekwa Dumatul Jandal akamteka Ukaidir. Kisha jeshi likarejea Madina. Hiraqli, mfalme wa Warumi, hakuonekana Tabuki, wala vita baina ya majeshi mawili havikupiganwa hapo.

Hii ndiyo tarikhi. Sasa na utazamwe utenzi.

Mwaka 1141 wa Hijra, sawa na 1728, katika kisiwa cha Pate, Bwana Mwengo bin Athumani alitunga utenzi ujulikanao kuwa Utenzi wa Tambuka, na wengine huuita Chuo cha Herkali. Ni katika tenzi za kale kabisa zilizotufikia kwa tarikhi yake, na una beti zaidi ya elfu. Jina lenyewe limegeuka katika ulimi wa pwani: Tabuki imekuwa Tambuka. Ndani yake mambo ya Muta, ya barua aliyopelekewa Hiraqli, na ya Tabuki yamefungwa kwa kamba moja. Humo majeshi hukutana, mashujaa hutoka mmoja mmoja kupambana, damu humwagika, na Seyyidna Ali (r.a.) ni miongoni mwa mashujaa wa uwanjani.

Na katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Seyyidna Ali hakwenda Tabuki. Mtume (s.a.w.) alimwacha Madina. Jambo hilo likamhuzunisha, akauliza kama anaachwa pamoja na wanawake na watoto, na Mtume akamtuliza kwa kumfananisha mahali pake na mahali pa Harun kwa Musa, ila kwamba hapana nabii baada yake. Basi fadhila kubwa ya Seyyidna Ali katika mwaka ule ilipatikana kwa kubaki, na utenzi umempa sifa ya upanga mahali asipokuwapo. Msikilizaji asiyejua hudhani ameongezewa Seyyidna Ali heshima, kumbe amenyimwa ile aliyopewa na Mtume mwenyewe.

FASLI YA TATU: Kwa nini mshairi aliongeza

Si haki kusema Bwana Mwengo alikuwa mwongo. Kisa hiki kilikuwa kimekwisha kuongezwa kabla ya kumfikia. Katika nchi za Waarabu walikuwako wasimulizi waliokaa misikitini na sokoni, wakisimulia vita vya Mtume kwa kuvirefusha. Mmoja katika walionasibishwa na visa hivyo ni Abul Hasan al-Bakri, ambaye Imamu Dhahabi amemwandika kuwa ni mwongo, mtungaji wa visa visivyokuwa. Kisa cha Rasi 'lGhuli kimenasibishwa naye, na kwa Kiswahili Mgeni bin Faqihi alikitungia utenzi wa beti zaidi ya elfu nne, uliopigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1979. Washairi wa pwani walipokea vyuo hivi kutoka kwa Waarabu kama vilivyo, wakavitia katika mizani kwa mapenzi ya dini.

Lakini kuna sababu nyingine iliyo katika kazi yenyewe ya ushairi. Mshairi anayetunga khabari hugeuza mambo kwa njia nne.

Ya kwanza, hukusanya watu mahali pamoja. Wasikilizaji wanawapenda mashujaa wao wote, nao hawataki mmoja akose. Kwa hiyo aliyekuwa Madina huletwa vitani.

Ya pili, hukusanya nyakati. Vita vya Muta vilikuwa mwaka wa 8, Tabuki mwaka wa 9, na vita vikubwa vya Yarmuk na jeshi la Hiraqli vilikuwa mwaka wa 15 wa Hijra, zama za Seyyidna Umar. Mambo ya miaka mingi hutamkwa kama ya mwezi mmoja.

Ya tatu, huwapa watu maneno. Tarikhi husema: fulani alikwenda, akarudi. Utenzi hautosheki na hayo. Humtia fulani majigambo, na adui majibu yake, na maneno hayo hakuna aliyeyasikia.

Ya nne, huacha mambo yasiyoimbika. Sulhu, jizya, chakula cha jeshi, na kukaa siku ishirini bila ya kupigana, haya ni mazito katika tarikhi, lakini katika ngoma ya kina hayana mshindo. Upanga una mshindo.

Tena kila zama huvisha kisa nguo yake. Mwaka ule ule wa 1728 Wareno waliitwaa tena Mombasa, na mwaka 1729 wakatolewa. Si ajabu basi kwamba mtu wa Pate aliyesikia jina la Warumi, aliona mbele ya macho yake majahazi aliyoyajua.

FASLI YA NNE: Kilichopotea

Huenda mtu akasema: kuna ubaya gani, maadamu watu wamezidi kuwapenda Masahaba? Jawabu ni kwamba kilichopotea ni kikubwa kuliko kilichoongezwa.

Katika safari ile isiyokuwa na vita, mafakihi walipata milango mingi ya elimu. Muadh bin Jabal amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikusanya huko Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, na kwa hadithi hiyo na mfano wake watu wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wanajua hukumu ya kukusanya sala safarini. Al-Mughira bin Shu'ba amepokea khabari ya kupaka maji juu ya khofu. Huko ndiko Mtume alipoulizwa juu ya sutra ya mwenye kusali. Huko ndiko Abdurrahman bin Auf aliposalisha Alfajiri na Mtume akasali nyuma yake. Haya yote yametoka Tabuki ya kweli. Ama vita ambavyo havikuwa, havikumpa fakihi hata mas-ala moja.

Na kubwa zaidi ni kisa cha Kaab bin Malik. Mtume (s.a.w.) alikuwa na washairi watatu mashuhuri katika Ansari: Hassan bin Thabit, Abdullah bin Rawaha na Kaab bin Malik. Abdullah bin Rawaha alikufa shahidi Muta, naye ni wa tatu katika majemadari, baada ya Zaid bin Haritha na Jaafar bin Abi Talib. Kaab alibaki nyuma siku ya Tabuki bila ya udhuru. Mtume aliporejea, wanafiki walikuja na nyudhuru zao. Kaab alikuwa mshairi, mtu wa ulimi, aliyeweza kupanga maneno kuliko wao wote, na mwenyewe alilitaja hilo. Lakini alisema kweli: hakuwa na udhuru. Akasuswa na watu siku hamsini, hata ardhi ikamdhikia pamoja na upana wake, kisha ikateremshwa toba yake na ya wenziwe wawili, Sura ya Tawba, aya ya 118.

Hapo pana mazingatio kwa kila mwenye kutunga. Mshairi wa Mtume, katika khabari ya Tabuki yenyewe, alipata nafasi ya kupamba maneno akaiacha, na kwa kweli yake akaokoka. Lau watu wangalikijua kisa hiki kama wanavyoijua Tambuka, wasingalihitaji damu ya kubuni ili wapate kulia.

FASLI YA TANO: Vita vya Mrima

Mtu asidhani kuwa jambo hili ni la vyuo vya kale tu. Tarehe 28 Aprili 1888, Seyyid Khalifa bin Said wa Unguja aliipa kampuni ya Wadachi mkataba wa kutawala pwani na forodha zake. Mwezi wa Agosti watu wa kampuni wakaja kushika miji. Huko Pangani, Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alitaka kutweka bendera ya kampuni, akavunja heshima ya liwali, na imesimuliwa kuwa siku ya Idi alimtafuta liwali mpaka ndani ya msikiti pamoja na mbwa. Watu wakaasi, na Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kichwa chao. Wadachi wakamleta Wissmann na askari wa Kisudani na wa kusini. Mwezi wa Mei 1889 boma la Abushiri karibu na Bagamoyo likavunjwa. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Bwana Heri bin Juma wa Saadani akapatana na Wadachi mwaka 1890.

Mwanachuoni wa Mrima, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, alivitungia vita hivi utenzi wa mwaka 1307 wa Hijra, yaani wakati ule ule wa mambo yenyewe. Mtu huyu huyu ndiye mwenye Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, na Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali. Basi mkono uliozoea kuandika vita vya Masahaba ndio ulioandika vita vya Pangani, kwa mizani ile ile na kina cha namna ile ile. Kwa hiyo msomaji husikia mambo ya jana kwa sauti ya mambo ya kale, na moyo wake huyapa utukufu ule ule.

Hata hivyo utenzi huu una daraja isiyokuwa ya Tambuka. Bwana Mwengo alitenganishwa na Tabuki kwa miaka zaidi ya elfu moja. Sheikh Hemedi alikuwa hai wakati wa vita na katika nchi ya vita. Katika mlango wa ushahidi, aliyeona si sawa na aliyesikia, na aliyesikia kwa aliyeona si sawa na aliyesikia kwa wasiojulikana. Kadhalika Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliyevitungia utenzi vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907, khabari yake ni ya mtu wa zama zile na pande zile.

Lakini hapa pia ushairi una mvuto wake. Sababu za vita vya Mrima zilikuwa nyingi: mkataba, ushuru, forodha, bendera, riziki za wafanya biashara, na hofu ya watu juu ya ardhi zao. Mbwa msikitini siku ya Idi ni jambo moja, na ndilo linaloshika ulimi. Mtoto akisikia hilo peke yake atadhani vita vilitokana na mbwa, asijue kuwa nchi ilikuwa imekodishwa kwa karatasi. Tena Zelewski huyo aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ni rahisi mno mshairi akaunganisha msikiti wa Pangani na mauti ya Lugalo kwa ubeti mmoja, ikawa kisasi. Hikima ya Mwenyezi Mungu haikanushwi, lakini Wahehe walipigana kwa ajili ya Uhehe, na haki yao ya kusifiwa kwa kazi yao isichukuliwe na kisa cha mji mwingine.

Na nguvu ya utenzi ionekane hapa: Wadachi walimsimamishia Wissmann sanamu Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza walipoutwaa mji, sanamu ikaondolewa, ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha katika miaka ya 1960. Sanamu haipo, na utenzi wa Sheikh Hemedi ungali unasomwa.

FASLI YA SITA: Maswali na majawabu

Swali: Yafaa kusoma tenzi za vita vya Mtume barazani?
Jawabu: Yafaa, na mashairi kwa asili yake ni maneno, mema yake ni mema na mabaya yake ni mabaya, kama alivyosema Imamu Shafi'i (r.a.), naye mwenyewe alikuwa mshairi. Na Qurani mwishoni mwa Sura ya Shuaraa, baada ya kuwalaumu washairi, imewatoa katika lawama hiyo walioamini na wakatenda mema. Lakini msomaji awaambie watu kuwa huu ni utenzi, wala si hadithi iliyopokewa. Kumnasibisha Mtume (s.a.w.) na neno asilolisema kwa kusudi ni katika madhambi makubwa, na onyo lake limepokewa kwa njia nyingi mno.

Swali: Si wanavyuoni wameruhusu hadithi dhaifu katika fadhila?
Jawabu: Imamu Nawawi ametaja hayo, na ametoa ndani yake hadithi za kubuni. Udhaifu ni kitu kimoja na uzushi ni kitu kingine. Wala ruhusa hiyo haingii katika itikadi na hukumu.

Swali: Je, wanavyuoni wa zamani waliliona jambo hili?
Jawabu: Waliliona mapema sana. Ibn Hisham alipoipanga upya sira ya Ibn Ishaq, aliacha mashairi ambayo hakuna mjuzi wa ushairi aliyeyatambua, na akataja hivyo mwanzoni mwa chuo chake. Ibn Sallam al-Jumahi naye alimlaumu Ibn Ishaq kwa kuingiza mashairi yaliyonasibishwa na watu wa Aad na Thamud. Basi kupima ushairi si bid'a ya wasomi wa leo.

Swali: Mtoto akiuliza kama vita vya Tambuka vilipiganwa, aambiwe nini?
Jawabu: Aambiwe: "Safari ya Tabuki ilikuwa kweli, vita vya utenzini havikuwa." Kisha asimuliwe kisa cha Kaab.

Swali: Ikiwa khabari imebaki katika ushairi tu, hapana chuo kingine?
Jawabu: Ichukuliwe kuwa ni kumbukumbu ya watu, isikatwe kwa yakini. Fumo Liyongo sifa zake zimejaa pwani nzima, na Muhammad Kijumwa wa Lamu alimwandikia utenzi mwaka 1913. Lakini wachunguzi hawakuafikiana hata juu ya karne aliyoishi. Kusifiwa sana si sawa na kujulikana.

KHATIMA

Mwenye utenzi nyumbani auhifadhi wala asiuchome, kwa kuwa ni amana ya lugha na ya mapenzi ya waliotangulia. Mwenye kuusoma aujue mpaka wake. Na mwenye mzee nyumbani, awe wa Jangwani au penginepo, amwulize khabari za aliyoyaona kwa macho yake, aziandike kwa maneno ya kawaida, pamoja na mwaka, mahali, na jina la aliyesema, kabla ya mtu kuzitia kina. Khabari ikiandikwa hivyo kwanza, mshairi aweza kuja baadaye akaipamba, na asili yake ikabaki mahali pa kurejewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wasemao kweli, kama alivyomjaalia Kaab bin Malik, na awarehemu waliotunga na waliohifadhi, na awasamehe palipoteleza kalamu zao. Amin.

Wallahu a'lam.